Je, Mama Anayekula Mwisho Anatenda Vema?

Leo tunataka tutafakari pamoja jambo la sufuria.

Katika nyumba nyingi desturi ni hii: baba hupakuliwa kwanza, kisha watoto, na mama hula kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni ugali na mchuzi tu; ndagala wamekwisha, na mboga zimekwisha. Majirani husema, "Yule ni mama kweli, anajinyima." Swali letu ni hili: je, kujinyima huko ni wema?

Wengine watajibu kwamba ni wema mtupu, maana chakula ni kidogo. Ni kweli, chakula ni kidogo. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwakatia msaada wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mzazi anayempa mtoto tonge lake siku ya njaa anatenda jambo kubwa, na hakuna wa kumlaumu.

Lakini tupime. Kujitoa ni tendo la mtu aliyechagua. Kama kila siku anayekosa ni yule yule, na hakuna anayemwuliza kama ameshiba, hiyo si sadaka tena. Ni mzigo aliotwikwa, ukapewa jina zuri.

Tena mwili wa mama si wake peke yake. Kila mwezi hupoteza damu, hivyo anahitaji madini ya chuma kuliko mwanaume. Akiwa na mimba, mtoto hula katika sahani yake. Akinyonyesha, vitamini A iliyomo katika maziwa hutegemea anachokula yeye. Basi mama akila mwisho, mtoto aliye tumboni naye anakula mwisho. Nyumba hudhani imewatanguliza watoto, kumbe aliye mdogo kuliko wote ndiye aliyesahauliwa.

Kujaza tumbo nako hakutoshi. Wataalamu wa lishe hugawa vyakula katika makundi 10, nao hutazama kama mwanamke wa miaka 15 hadi 49 amepata angalau makundi 5 kwa siku. Ugali ni kundi moja, maharagwe ni la pili. Ongeza lengalenga au majani ya maboga, ni la tatu. Nyanya na vitunguu, la nne. Ndagala, la tano. Mafuta na chumvi havihesabiwi. Chai nayo isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Ingoje kama saa moja.

Basi haki ya nyumba huanzia pale pa kupakulia. Sahani zote zipangwe kabla hajala yeyote, na ya mama iwemo. Ndagala wakiwa wachache, wagawiwe wote, hata kama kila mmoja atapata wawili. Ninyi akina baba, kabla ya kunyoosha mkono, tazameni sahani ya mama ina nini. Nanyi akina mama, kula si uroho. Anayewalisha watu wa nyumba naye ni mtu wa nyumba.