Mteja wa Mwaka Jana Yuko Wapi?

Wiki hii tulimzika jirani yetu hapa Dallas, Embu, na kama ilivyo desturi siku hizi, kikundi cha WhatsApp cha matanga ndicho kilichobeba kila kitu: saa ya kukutana jioni, nambari ya kutumia michango kwa M-Pesa, jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, hata nani ataleta sufuria kubwa na nani ana viti. Mazishi yakishapita, mweka hazina huandika hesabu ya mwisho, familia hushukuru, kisha watu hujiondoa mmoja mmoja. Safari hii kuna ujumbe uliowatangulia wafiwa. Ulikuja na picha ya mikebe ya virutubisho na maneno haya: "Wapendwa, poleni kwa msiba. Je, mwajua ugonjwa uliomchukua mwenzetu unaweza kuzuiwa? Kuna fursa ya afya na kipato. Nafasi ni chache." Chini yake, nambari ya simu.

Aliyeuandika ni dada wa papa hapa mtaani. Namfahamu, na sina kinyongo naye. Ujumbe wake uliniudhi kama ulivyowaudhi wengine, lakini kilichonikaa rohoni hadi leo ni jambo jingine. Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, mama mmoja mjane, mtu mzima anayetembea kwa fimbo, alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, yule msichana aliyeniuzia dawa za magoti mwaka jana siku hizi yuko wapi? Nilitaka kumuuliza kama naweza kuzimeza pamoja na zile za presha." Alikuwa amenunua mikebe miwili. Mmoja ulikwisha, wa pili upo kabatini, nusu. Tangu siku aliyolipa, muuzaji, ambaye ni dada yule yule wa ujumbe, hajarudi mlangoni pake, ingawa nyumba zao zimetenganishwa na vijia viwili tu. Nilimsihi auchukue mkebe huo aende nao kliniki, auonyeshe kabla ya kumeza hata kidonge kimoja zaidi.

Hebu tafakari. Muuzaji alikuwa na mteja aliyekwisha kumwamini, aliyekwisha kutoa pesa, mwenye swali zito mdomoni, na anayeishi umbali wa kuitana kwa sauti. Akampita, akaenda kutafuta wateja wapya katika orodha ya waombolezaji.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini sitaki kumrundikia lawama zote dada huyu, kwa sababu amefundishwa kufanya hivyo. Wengi wenu mmewahi kualikwa kwenye mikutano ya biashara hizi za kuuza na kuingiza watu, ile ya Jumamosi katika kumbi za hoteli mjini, ambako mlangoni unaandikishwa jina na nambari ya simu kabla hujajua umeitiwa nini. Mgeni anapewa karatasi na kuambiwa aandike majina 100: ndugu, aliosoma nao, wa kanisani, wa chama, mwenye nyumba, kinyozi. Anaambiwa asichague mtu, aandike tu. Majina yakishamalizika anafundishwa kuongea na asiowajua: kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, popote watu walipo. Na watu hapa kwetu hawakosekani matangani.

Kisha mwalimu anachora ubaoni. Duara moja juu, ambalo ni wewe. Chini yake maduara matano. Ukiingiza watano, na kila mmoja wao akaingiza watano, utakaa nyumbani pesa zikikufuata. Mchoro huishia ngazi ya tatu au ya nne, makofi yanapigwa.

Tuendelee na hesabu pale alipoiachia. Watano wanaleta 25, hao wanaleta 125, wanafuata 625, na kuendelea. Ngazi ya nane peke yake inahitaji watu 390,625, na ukijumlisha wote tangu ngazi ya kwanza unapata 488,280. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 608,599 katika kaunti nzima ya Embu, mtoto mchanga wa Runyenjes na mzee wa Siakago wakiwamo. Ongeza ngazi moja tu na jumla inafika 2,441,405. Hapo Embu na Meru kwa pamoja, zenye watu 2,154,313 katika sensa hiyo hiyo, zimekwisha zote na bado mchoro unadai watu. Wa ngazi ya mwisho watamuuzia nani? Kila mtu tayari ni muuzaji.

Nitaambiwa kwamba naichanganya biashara halali na upatu wa kitapeli. Siichanganyi. Nakumbuka miaka ya 2006 na 2007, Wakenya walipopeleka akiba zao kwa makampuni yaliyoahidi faida ya ajabu, hadi jopo lililoongozwa na marehemu Francis Nyenze likaripoti mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Mwaka huo huo, jirani zetu Watanzania waliona serikali ikiisimamisha DECI, ambako watu walikuwa "wakipanda mbegu" ili wavune. Kule hapakuwa na bidhaa yoyote. Ilikuwa ni pesa ya mgeni kumlipa mwenyeji. Huku kuna sabuni, kuna dawa ya meno, kuna mkebe unaoweza kuushika. Tofauti hiyo naikubali.

Lakini tofauti hiyo inasimama juu ya nini hasa? Marekani, zilikotoka nyingi za biashara hizi, swali hili liliamuliwa zamani. Mwaka 1979, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya huko iliiona Amway kuwa si upatu, na mojawapo ya sababu kubwa ni kanuni ambazo kampuni yenyewe ilikuwa imewawekea wauzaji wake: wauze angalau asilimia 70 ya bidhaa wanazonunua, wawe na wateja 10 wa rejareja kila mwezi, na bidhaa zisizouzika ziweze kurudishwa. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo iliilazimu Herbalife kulipa dola milioni 200 na kubadili jinsi inavyowalipa wauzaji, ili malipo yafuate mauzo halisi kwa watumiaji badala ya kufuata idadi ya walioingizwa. Hoja ni ile ile: aponaye ni yule mwenye mnunuzi wa kweli, mtu anayetaka bidhaa kwa ajili ya bidhaa, mtu atakayerudi kununua tena.

Mteja wa mwaka jana anayo siri ambayo mgeni hana. Yeye ameutumia huo mkebe. Anajua kama magoti yalipata nafuu au pesa zilikwenda bure, kama sabuni ilimwasha mtoto. Ukimrudia, atakwambia. Ndiyo maana kumrudia kunahitaji moyo. Mgeni hawezi kukupinga, hajaonja chochote, unaweza kumwahidi lolote na akaitikia. Nimeangalia kwa muda mrefu wauzaji wanavyokimbia kutoka mtaa hadi mtaa, Dallas, Majengo, Kangaru, halafu wanavuka hadi Chuka na Meru, na nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya mbio hizo ni kukwepa ushahidi wa waliokwisha kununua.

Wako wasiokwepa. Karibu na soko la mjini yuko mama mmoja anayeuza bidhaa za kampuni ya aina hiyo hiyo. Ana daftari la shule la kurasa 96, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Kila mteja ana ukurasa wake. Juu jina, chini yake tarehe na kilichonunuliwa, na pembeni maneno machache kwa kalamu nyekundu: "hapendi harufu", "ana sukari, aulize daktari kwanza", "bintiye anajifungua Agosti". Mkebe wa vidonge 60, viwili kwa siku, unakwisha kwa mwezi mmoja, kwa hiyo siku chache kabla anapiga simu. Haanzi kwa kuuza. Anauliza hali, anauliza kama kimesaidia. Akiambiwa hakikusaidia, anaandika, na hamletei mtu huyo kitu kile tena. Anaishi kwa faida ya rejareja, ile tofauti kati ya bei anayonunulia yeye kama mwanachama na bei anayouzia, na wateja wapya anaowapata huletwa na wa zamani.

Mama huyu hajawahi kuitwa jukwaani. Katika mikutano yao, anayepewa beji na kupigiwa vigelegele ni aliyeingiza watu wengi mwezi huo. Yeye mwenye wateja wanaomrudia mwaka baada ya mwaka hukaa viti vya nyuma akapiga makofi. Hilo linaniuma, kwa kuwa kampuni ikimtuza anayekimbia na kumsahau anayetunza, imekwisha kuwafundisha vijana wote waliomo ukumbini wamuige nani.

Najua jibu litakalokuja: biashara isiyopata watu wapya inakufa, wateja wanahama, wengine wanafariki, wengine wanafilisika. Ni kweli. Hata mama mboga wa hapa kwetu hufurahi akiona uso mpya. Lakini mtazame vizuri. Anajua nani hula sukumawiki iliyokatwakatwa na nani huitaka nzima. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi na humkopesha bila maandishi. Wapangaji wapya wakihamia plotini, ni wateja wake wa zamani wanaowaelekeza kwake.

Na kama mfano wa mboga ni mdogo, basi tazama biashara kubwa ya Wameru, miraa. Jani hilo lina takriban siku mbili kabla halijapoteza thamani. Linachumwa Igembe, linafungwa kwa majani ya mgomba, linakimbizwa Nairobi na kwingineko. Katika mbio kama hizo hakuna nafasi ya kutafuta mkulima mpya kila alfajiri. Mnunuzi ana mkulima wake, mkulima ana mnunuzi wake, mzigo huweza kuchukuliwa leo na kulipwa baada ya kuuzwa, kwa neno la mdomo tu. Biashara hiyo ilipigwa na marufuku ya Uingereza mwaka 2014, ikapigwa tena Somalia ilipofunga soko lake mwaka 2020 hadi Julai 2022. Iliumia sana, lakini haikufa. Sitakubali mtu aniambie kwamba kutunza watu ulio nao ni biashara ya wazembe.

Wapo pia watakaosema ninawavunja moyo vijana wanaojitafutia riziki wakati kazi hakuna. Hapa nataka nieleweke. Yule dada wa Dallas anastahili kipato, na uchungu wa kodi ya nyumba mwezi unapoisha naujua. Lakini mbio hizi zinamla yeye kwanza. Ndugu wanaacha kupokea simu yake. Wanachama wenzake wa chama wakimwona akija huanza kuangalia pembeni. Jina la mtu, katika mji mdogo kama Embu, ndilo dhamana ya kukopa unga dukani na kuchangiwa siku ya shida. Akiutumia urafiki wote kama orodha ya kuuzia, ataenda kwa nani mtoto wake akilazwa?

Vikundi vya matanga, vya harusi na vya michango ya hospitali visiguswe kabisa. Watu walitoa nambari zao kwa ajili ya marehemu. Wasimamizi wa vikundi hivyo wavifunge siku hesabu inaposomwa, na wachungaji wetu wasitoe dakika tano za matangazo baada ya ibada kwa kila mwenye mkebe.

Nawe dada, kwa kuwa najua unasoma gazeti hili, bado hujachelewa. Rudi kwa waliokwisha kununua kwako, hata wale unaohofia watakachosema. Wasikilize. Aliye na dawa za hospitali mwambie amwone daktari kabla ya kumeza chako. Aliyeona bidhaa haikumfaa, usimuuzie nyingine siku hiyo.

Na wewe msomaji, ukialikwa kwenye ukumbi wa hoteli Jumamosi ijayo, usibishane na mchoro wa maduara. Mwombe aliyekualika akutajie wateja watatu wasio wanachama, walionunua kwake mwaka jana na wakanunua tena mwaka huu, na akupeleke kwa mmoja wao mkaongee. Akishindwa, usijiandikishe.