Je, Ni Haki Kumficha Mgonjwa Jina la Ugonjwa Wake?

Wainjilisti wanaozuru wagonjwa hulikuta swali hili mara kwa mara: daktari amewaambia wana kwamba mama yao ana saratani, nao wamepatana wasimwambie. Husema, "Akilisikia jina hilo atakufa kwa hofu." Twawaelewa, maana si uovu unaowasukuma, bali huruma. Lakini huruma nayo yapasa kupimwa.

Tutwae saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yo yote. Ikigunduliwa mapema yaweza kupona. Kwanza kipande cha nyama hukatwa na kupimwa. Kisha huja upasuaji, au mionzi pamoja na dawa. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, majuma matano hivi. Mama wa Singida atakaa Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani, mbali na shamba lake na wajukuu, huku mwili ukichoka na tumbo likimsumbua. Kwa nini avumilie, ikiwa ameambiwa ni kidonda tu? Damu ikikoma ataomba nauli arudi kwake, wala hatuwezi kumlaumu. Tena atiaye sahihi ya kukubali upasuaji ni yeye; atie sahihi juu ya jambo asilolijua?

Wala siri yenyewe haifichiki. Watu wakinyamaza kila aingiapo, mgonjwa hutambua (wagonjwa si wajinga), naye hubaki peke yake na hofu yake, asipate hata nafasi ya kupatana na ndugu waliyekosana.

Pamoja na hayo, jamaa na wamchague mmoja ashike karatasi zote: majibu ya kipande, barua ya rufaa, tarehe ya kurudi, na maneno ya daktari ayaandike katika daftari. Majibu yakisahauliwa nyumbani, safari nzima huwa bure.

Hata hivyo hatusemi kila mgonjwa alazimishwe kusikia. Wako wasiotaka, na hiyo ni haki yao. Basi aulizwe kabla majibu hayajatoka: "Mama, wataka kuambiwa wewe mwenyewe, au tumwambie mwanao?" Akimtaja mwanawe, mwana aambiwe, na siku mama atakapouliza, ajibiwe kweli, polepole, kwa kadiri alivyouliza.