Wanangu, Anzeni na Pawasaplai

Kijana mmoja alikuja kwenye benchi langu hapa Kariakoo amekumbatia kasha la kompyuta kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Kasha lina kioo ubavuni na feni nne za taa za rangi, na ndani linatoa ile harufu ambayo fundi hahitaji kuelezwa. Aliweka akiba miezi kumi na minne, akibeba abiria kwa bodaboda kila jioni baada ya chuo. Hela yote ilikwenda kwenye prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 580 ya mtumba, na lile kasha. Pawasaplai alipewa bure ndani ya kasha. Akacheza GTA V siku tisa. Siku ya kumi umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na pawasaplai ikafa pamoja na mazabodi na kadi.

Alinisalimia, "Shikamoo mzee," kisha sauti ikamkatika. Nilimwonea huruma sana, maana miezi kumi na minne ya umri ule ni mingi. Wengi wamepita hapa na msiba wa aina hiyo. Ndiyo maana nawaandikia ninyi ambao hela bado iko mfukoni.

Wanangu, anzeni kununua pawasaplai, na msikubali kupewa ya bure. Ukiishika dukani, igeuze usome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kuna namba kubwa, 500 au 600, imeandikwa ili ikuvute. Iache hiyo. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha zinakula hapo karibu umeme wao wote. Mbele yake utaona ampea. Zizidishe kwa 12 upate wati. Ile ya kijana wetu ilijitangaza 500, lakini mstari wake wa volti 12 ulikuwa na ampea 18, yaani wati 216. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185 na prosesa ile 65, na gemu likipamba moto zinaweza kupanda juu ya hapo. Bado hujahesabu diski, feni na zile taa. Alimfunga punda mmoja mkokoteni wa punda wawili.

Pawasaplai nzuri utaijua pia kwa uzito wake mkononi, na kwa kuwa na kinga dhidi ya volti kupanda na nyaya kugusana. Alama ya 80 Plus inakuambia tu kwamba umeme mchache ndio unaopotea kuwa joto. Uimara wa vifaa vya ndani haiupimi, kwa hiyo usiichukue kama kiapo. Na kama nyuma kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka waya. Umeme wetu ni volti 230. Mdogo wako akikichezea kikaenda 115, ukiwasha utasikia mlipuko. Mtaa wenu ukiwa ni wa umeme unaoruka, tenga na hela ya UPS, hata ndogo, ikupe dakika chache za kuzima kwa utaratibu.

Sasa kadi ya picha, maana hapo ndipo uongo ulipojaa. Jina la RX 580 lina kadi mbili tofauti ndani yake. Ile ya mwaka 2017 ina vitengo 2304 vya kukokotoa. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine kwa ajili ya soko la China, yenye vitengo 2048, ambavyo ndivyo vya RX 570, na hiyo nayo ikaitwa RX 580. Muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti. Kuna uongo mbaya zaidi ya huo: kadi kongwe za GTS 450 zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Nendeni dukani na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ya bure, ni ndogo, na kadi nyingi za NVIDIA za kughushi inazibandika neno FAKE mbele ya jina.

Mtaambiwa pia msiguse kadi iliyochimba sarafu za kidijitali. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea uchimbaji wa kadi za picha, na kadi zilizokesha kazini miaka zikamwagika sokoni. Mimi sizikatai. Kinachochakaa kwanza ni feni na grisi ya joto, na vyote viwili hubadilishwa. Ninachowataka ni hiki: kadi iwashwe mbele yako, ichezeshwe gemu zito nusu saa, nawe uitazame skrini bila kupepesa. Ukiona vimiraba vya rangi au michirizi, rudisha hela yako mfukoni. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekwisha kukujibu.

Kama hela ni kidogo kweli, ushauri wangu hautawafurahisha: msinunue kadi kwanza. Chukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina sehemu ya picha ndani yake. Gemu nyepesi kama Valorant na Dota 2 itazicheza ukipunguza mapambo ya picha. Lakini sehemu hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo nunua RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16. Zikiwa mbili, kila moja kwenye njia yake, data inapita maradufu, na gemu linaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Halafu ingia kwenye BIOS uwashe XMP, kwani RAM iliyoandikwa 3200 huanza kwa mwendo wa chini, mara nyingi 2133 au 2400, mpaka uiamuru. Nimefungua mashine za watu waliokaa miaka miwili na mwendo huo wa chini bila kujua.

Baadaye, hela ikipatikana, ongeza RX 6600. Ina GB 8, inakula wati 132, na kwa picha za 1920 kwa 1080 inatosha. Msishawishiwe na RX 6500 XT kwa sababu ya bei. Kadi ile ina njia nne tu za kuzungumza na mazabodi, na 5600G hutumia PCIe ya kizazi cha tatu, kwa hiyo njia zenyewe zinakuwa nyembamba zaidi. Utanunua kadi halafu uifunge mdomo.

Mazabodi, angalieni mambo mawili. Soketi ya AM4 inapokea RAM za DDR4, AM5 inapokea DDR5, na moja haiingii kwa nyingine hata ukisukuma. Na bodi ya B450 iliyokaa ghalani huenda ikahitaji BIOS mpya kabla ya kuitambua prosesa ya 5600. Mwombe muuzaji aiwashe. Kwa upande wa Intel, herufi F mwishoni, kama Core i3-12100F, maana yake hakuna picha bila kadi. Watu wameirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe ni nzima kabisa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile Dell OptiPlex zilizotoka maofisini. Kwa kusomea ni mashine nzuri. Kwa gemu, fahamu kwamba pawasaplai yake kwa kawaida haina waya wa kulisha kadi kubwa, basi utabaki na kadi kama GTX 1650 isiyohitaji waya, ya wati 75, na kasha likiwa jembamba utafute kadi fupi. Zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025.

Kijana yule prosesa yake ilipona. Aliiuza, akaongeza kidogo, akanunua mazabodi, 5600G, RAM mbili na pawasaplai ambayo tuliisoma pamoja ubavuni. Kasha ni lilelile, feni mbili tukazitoa. Kadi bado hana, anaiwekea akiba.

Nanyi mlio njiani, andikeni orodha yenu kwenye karatasi, mniletee kabla hamjalipa hata shilingi. Kuisoma ni kazi ya dakika kumi, na kwa hiyo simtozi mtu.