Hivi hili bado ni gari la Mzee?

Mzee wetu alituachia wasia mfupi: shamba mgawane, Land Rover msiuze. Hakutoa sababu. Ni Series III ya dizeli, ile ndefu ya 109, na kwa miaka mingi ilipanda na kushuka ule mlima wa Dareda ikiwa na mahindi, mbaazi, na watu juu ya magunia. Mama alikuwa akiisikia ikiwa bado mbali, anabandika chai. Ikifika getini, maji yameshachemka.

Miaka mitatu baada ya msiba injini ikagoma kabisa. Fundi mmoja hapa Babati mjini akaifungua, akatuita tuone. "Spea za hii mtazunguka mpaka mchoke. Wekeni 3L." Hiyo 3L ni injini ya Toyota ya lita 2.8, ile ya Hiace na Hilux, na vifaa vyake havisumbui. Kazi yenyewe si ya kutoa hii na kuweka ile. Injini ya Toyota haikuundwa ikutane na giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo fundi alichonga sahani nzito ya chuma ya kuziunganisha, akakata vishikio vya zamani kwenye chasisi, akachomelea vipya, akasogeza rejeta. Kaka alituchangisha wote. Ujumbe wake bado ninao kwenye simu: "Tuliokoe gari la Mzee." Nikatuma laki tano.

Mwaka huu amepata mteja. Nikamkumbusha wasia, akacheka. "Mdogo wangu, gari la Mzee lilikufa na injini yake. Hili ni bati lenye Toyota ndani."

Wasomaji wa falsafa mmeshalijua fumbo hili. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: ni ile ile au siyo? Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, kama kuna mtu aliyekuwa akiokota zile mbao kuukuu, akaziunda upya kuwa merikebu? Sisi mtu huyo tunaye. Ile injini yetu ilinunuliwa na jamaa aliyekuwa na nyingine kama hiyo, mbovu pia. Katika mbili akapata moja, na sasa inazungusha mashine ya kusaga. Mama alipita pale siku moja akasimama njiani. Hakusema kitu. Lakini Toyota inapoingia getini, chai haijabandikwa.

Ukiniuliza mimi, asili haitoi jibu. Land Rover ya kwanza ya majaribio, mwaka 1947, ilijengwa juu ya chasisi ya Jeep ya Wamarekani. Gari hili tangu kwenye ukoo wake limeazima mifupa ya wengine! Na sisi wenyewe tulikuwa watu wa mkoa wa Arusha mpaka 2002, ulipozaliwa Manyara; hakuna deni la mtu lililofutwa kwa sababu hiyo.

Neno "deni" ndilo linalonisaidia. John Locke alipojiuliza mtu wa leo ni yule yule wa jana kwa kigezo gani, alisema hilo ni swali la kisheria: nani awajibike kwa lililotendwa? Nadhani hata kwa vyombo ni hivyo hivyo. Tukiuliza kama hili ni gari la Mzee, mara nyingi tunauliza nani anadaiwa nini. Ndiyo maana mzaha wa kaka umenikaa kooni. Alipotaka laki tano zangu, lilikuwa gari la Mzee. Alipotaka kuuza, Mzee hayumo tena. Injini haikubadilika kati ya majibu hayo mawili. Kilichobadilika ni haja yake.

Nisimwonee. Mwanawe ameingia chuo, ada haingoji, na gari linakula mafuta kuliko linavyoingiza. Huenda hata Mzee, angekuwepo, angeuza yeye mwenyewe kabla ya saa sita. Kama kaka angekuja akasema, "Tuvunje wasia, mtoto asome," tungekaa kwenye mkeka na Mama tukazungumza, na sina hakika ningepinga. Lakini hakusema hivyo. Anataka wasia uvunjike bila kuwepo aliyeuvunja, kosa libebwe na pistoni zilizochoka.

Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chasisi. Ya injini ilisharekebishwa. Ya chasisi ni ile ile, na jina la mwenye gari ni la Mzee, hatujawahi kulibadilisha. Mteja anakuja Jumamosi. Kadi ninayo mimi, na jana usiku nimempigia kaka, nikamwambia aje Ijumaa, tukae kwanza na Mama.