Karamu ya Noeli: Ni Anasa au ni Mafundisho?



Kila mwaka Majilio yanapoanza, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Wakristo, hata zile ambazo mume na mke hupatana katika mambo mengine yote. Mama anataka kununua unga wa ngano, nazi, iliki na sukari, ili siku ya Noeli watoto wale mahamri na mkate wa sinia kama watoto wa wenzao. Baba anajibu: "Mama watoto, Januari shule zinafunguliwa. Karo iko wapi? Sikukuu ni Misa, si mahamri." Mama naye anasema kwamba mtoto asiyeionja sikukuu haijui sikukuu. Maneno huanza hapo, na siku ambayo malaika walitangaza amani huwakuta wawili hao hawasemezani.

Hapa kwetu Marafa swali hili si dogo. Wengi wetu hutegemea mvua, na mvua ya huku haina ahadi. Fedha ya sikukuu mara nyingi ni ileile ya karo, ya mbegu au ya dawa. Kwa hiyo tusiuchukulie huu kama ugomvi wa jikoni tu. Ni swali la maadili: je, ni haki kutumia kilicho kichache kwa furaha ya siku moja? Na kama ni haki, kipimo chake ni nini?

Tuanze na upande wa mama. Jina Bethlehemu, kwa Kiebrania, maana yake ni Nyumba ya Mkate. Na Yesu alipozaliwa alilazwa horini, yaani mahali mifugo hulia chakula. Mtakatifu Augustino aliona fumbo hapo: aliyelazwa mahali pa chakula ndiye aliyekuja kuwa chakula chetu. Papa Fransisko alitukumbusha hayo katika barua yake juu ya pango la Noeli, aliyoitia sahihi huko Greccio, Italia, tarehe 1 Desemba 2019. Ni Greccio hiyohiyo ambako Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, aliomba waletwe ng'ombe na punda, na hori lenye nyasi kavu, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Mwana wa Mungu. Mahubiri peke yake hayakumtosha. Alitaka watu waone, wasikie harufu ya nyasi, wakaribie. Mtoto naye hujifunza hivyo. Mambo unayomweleza husahaulika upesi, lakini unga alioukanda kwa mikono yake akiwa na miaka sita ataukumbuka hadi uzeeni.

Tena sisi wa Kilifi tuna sababu nyingine ya kuitetea sufuria ya Noeli. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa wamefundishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Je, nasema kwamba baba anayehofia karo ni ndugu wa mafundisho hayo? La hasha! Lakini jeraha lile linatudai tuwaambie watoto wetu waziwazi kwamba Yesu hakuja kuwanyang'anya chakula. Kanisa lina siku zake za kufunga, ila watoto na wagonjwa haliwafungi kwa sheria hiyo, na kufunga kwenyewe huishia mezani, kwenye furaha. Imani inayouona mkate kuwa adui haikutoka Bethlehemu.

Sasa tumsikilize baba, maana naye ana neno. Kila mtoto wa Marafa analijua korongo letu la Nyari, ambalo wageni wameliita Jiko la Jehanamu. Wataalamu hutuambia ni mvua na upepo vilivyochonga mchanga ule mwekundu na mweupe. Lakini wazee wetu walikuwa na kisa chao. Walisimulia kwamba hapo paliishi jamaa tajiri wa ng'ombe, waliojivunia wingi hata wakawa wanaoga kwa maziwa. Mungu akachukizwa na ubadhirifu huo, na boma lao likadidimia ardhini. Kisa hiki si Injili, lakini kina hekima. Baraka iliyogeuzwa kuwa majivuno huwameza wenye nayo.

Injili yenyewe inamuunga mkono baba katika jambo moja. Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili (Luka 2:24). Sheria ya Musa ilidai mwanakondoo, lakini iliwaruhusu wasio na uwezo walete hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Walawi 12:8). Hatusomi popote kwamba Yosefu alikopa mwanakondoo asije akaaibika mbele ya watu. Walitoa sadaka ya maskini kwa sababu walikuwa maskini, na Mungu aliipokea. Basi sisi tunaokopa dukani ili jirani aone moshi wa pilau, tunamfundisha mtoto Noeli ipi? Dawa ya deni kulipa, na mara nyingi mlipaji huwa ni yeye. Mtoto anayerudishwa nyumbani Januari kwa ajili ya karo ndiye aliyelipia pilau ya Desemba.

Nani kati yao ana haki, basi? Kila mmoja ana nusu. Akina mama wanajua mkate wa sinia unavyopikwa: moto chini, na makaa juu ya kifuniko. Ukiwasha moto wa chini peke yake, chini huungua na juu hubaki kubichi. Baba anayesema "Misa yatosha" na kukunja mikono ameweka makaa ya juu tu. Mama anayepika kutwa nzima bila kuwasimulia watoto kwa nini anapika, naye amewasha moto wa chini tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, ukasema wazazi ndio watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Mafundisho ya nyumbani yanahitaji yote mawili, kama mkate ule.

Kuhusu kipimo, nawapa vitatu. Cha kwanza ni mapatano. Kitu kilichonunuliwa kwa siri ya mume au ya mke hakiwezi kuleta amani, hata kikiwa kitamu namna gani. Wale ambao baba anafanya kazi Malindi au Mombasa, zungumzeni kwa simu mapema, kabla fedha haijatumwa wala kutumika. Cha pili ni uwezo. Karo itengwe kwanza, mbegu itengwe, kisha sikukuu ipikwe kwa kilichobaki. Cha tatu, nacho ni kizito kuliko vyote, ni sehemu inayotoka nje ya mlango. Kosa la watu wa Nyari halikuwa kuwa na maziwa. Kosa lilikuwa kuyamwaga miilini mwao, yasimfikie mwenye njaa. Na huko Bethlehemu, jambo lililomsukuma Maria hadi horini ni kwamba hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni. Nyumba inayopika kwa ajili yake yenyewe tu imeiga ile nyumba ya wageni, hata kama ina pango zuri lililopambwa kwa taa.

Hebu tulitie hili katika matendo. Siku ya kukanda mahamri, waiteni watoto wote, wa kike na wa kiume, na baba awepo. Mmoja akune nazi, mwingine atwange iliki. Unga ukishafunikwa, kaeni pamoja mkingoje uumuke, maana hamira haiharakishwi. Huo ndio wakati wa kusimulia: Maria alivyongoja, Yosefu alivyobisha mlango hadi mlango, wachungaji walivyokuwa wa kwanza kuambiwa. Pango lifinyangeni kwa udongo wetu mwekundu, mliezeke kwa kipande cha makuti, na hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24. Mtoto atauliza kila siku Yesu atakuja lini. Akiuliza hivyo, ameanza kuyaelewa Majilio.

Kisha mahamri ya kwanza kuiva yatoke. Nasema ya kwanza, wala si yale yaliyosalia baada ya wote kushiba. Mpeni mtoto sahani ampelekee mjane, mgonjwa, au jirani Mwislamu ambaye Idd ikifika hutukumbuka na sisi. Mahamri au mkate jirani huyo atakula bila wasiwasi, lakini nyama mliyochinja wenyewe ingemtia katika shida. Mtoto atanung'unika: "Mbona ya kwanza yanaenda kwa wengine?" Msimkemee. Mjibuni kwamba Mungu naye hakutupa mabaki. Alimtoa Mwana wake wa pekee. Katekisimu nzima haitamfundisha hilo vizuri kuliko sahani ya moto aliyoibeba mwenyewe huku mate yakimdondoka.

Je, na nyumba ambayo mwaka huu haina hata unga? Ukame wa 2021 na 2022 uliwafikisha wengi hapo, na utarudi. Ndugu zangu, muhogo wa kuchemsha unaoliwa na watu waliopatana, baada ya sala na kisa cha Bethlehemu, ni karamu halali ya Noeli. Hiyo ni sadaka ya ndege wawili. Msiwaombe watoto radhi kwa ajili yake, kwa maana mkionyesha aibu, wao watajifunza aibu. Waambieni Mtoto Yesu alianzia hapo. Na kama kwenu kumejaa, kumbukeni kuna nyumba inayochemsha muhogo, nanyi mnaijua ilipo.

Basi, Majilio haya, watoto wakishalala, mume na mke chukueni karatasi moja. Andikeni mambo matatu: tulichonacho, tunachodaiwa, na jina la nyumba itakayopata sahani ya kwanza. Mkishindwa kupatana juu ya kiasi, anzeni na lile jina. Mara nyingi wawili waliokubaliana watampa nani hawachukui muda mrefu kukubaliana watanunua nini.

Mungu azibariki meza zenu. Noeli njema.