Amana ya Mji na Amana ya Shule

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao hata siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, kila jioni baada ya sala ya alasiri barazani petu huwa na mazungumzo ya namna moja. Wa kwanza husema kwamba mji umetumeza: mpaka umesogezwa, na mtaa wetu uliokuwa nje ya manispaa sasa umo ndani, na wenye nyumba wataanza kudaiwa kodi ya viwanja. Wa pili husema kwamba bodi ya shule imekula fedha za wazazi. Wa tatu hutikisa kichwa akasema, "Ndiyo serikali yetu hiyo." Kahawa ikisha, vikombe hukusanywa, kila mtu hushika njia yake, na kesho hurejea yayo kwa yayo.

Sikuandika makala haya ili kuwatetea wanaolaumiwa. Aliyekhini amekhini, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini nataka tuulizane jambo moja ambalo barazani haliulizwi: katika khiyana hiyo, je, sisi hatumo?

Tangazo la kusogezwa mpaka lilibandikwa. Nimeliona kwa macho yangu katika ubao wa ofisi ya wadi, limepauka kwa jua. Lilitaja siku, na saa, na mahali pa mkutano ambapo wananchi wangesikizwa. Waliohudhuria wameniambia kwamba watu wa mtaa wetu waliokwenda hawakujaza mkeka mmoja. Na mimi niandikaye sikuwamo. Nilikuwa na darsa, nikajiambia kwamba darsa ni bora kuliko mikutano ya wanasiasa. Leo najua kwamba darsa ingaliweza kungoja siku moja, na mkutano haukungoja.

Ama khabari ya shule ni chungu zaidi. Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya mitaa yetu, mama mmoja alisimama akauliza, "Bwana Mwenyekiti, tumetoa fedha za vyoo mwaka jana, tukatoa tena mwaka huu. Hivyo vyoo viko wapi?" Mwenyekiti hakujibu. Aliyejibu ni mzee mmoja miongoni mwetu, tena mtu wa safu ya mbele msikitini: "Mama, hebu keti. Hesabu si kazi ya wanawake." Watu wakacheka, na yule mama akaketi. Hapana mwanamume hata mmoja aliyesimama kuliuliza tena swali lile. Mpaka leo vyoo havijajengwa, na watoto wa kike hurejea nyumbani saa nne ya asubuhi kwa kukosa pa kujisitiri. Na akishakosa masomo siku nyingi, mtoto huyo haendi tena.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ameifungua Suratul Mujadila kwa kueleza kwamba ameyasikia maneno ya mwanamke aliyekwenda kumshitaki mumewe mbele ya Mtume. Ikiwa Mola wa mbingu saba amelisikiliza shitaka la mwanamke, bodi ya shule ni nani hata isilisikilize?

*Maana ya amana*

Wengi wetu tukisikia neno amana hudhani ni pete au fedha aliyoweka jirani kwetu alipokwenda safari. Hiyo ni amana, lakini ni mlango mmoja tu wa nyumba kubwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwafikishie amana wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Ibn Taymiyya alipotunga kitabu chake juu ya siasa ya kisharia aliijenga khabari yake juu ya aya hii na ile inayoifuata, akaonyesha kwamba cheo ni amana, na mali ya umma ni amana, na anayempa kazi asiyestahiki kwa kuwa ni jamaa yake au rafiki yake amekhini amana hiyo.

Kwa hivyo kiti cha bodi ya shule ni amana. Kalamu ya mwenye kuandika hesabu ni amana. Ramani ya mji inayoonyesha mpaka umepita wapi ni amana. Hata kura ya mzazi anayechagua mjumbe wa bodi ni amana, na atakayeitoa kwa sababu ya ukoo au kwa sababu ya pishi ya mchele ameiuza isiyokuwa yake.

Sahihi Bukhari na Muslim zimepokea khabari ya mtu aliyeitwa Ibnul Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akamkemea mbele ya watu, akauliza kwamba lau angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angaliletewa zawadi ile? Tazama, Mtume hakulifanya jambo hili la siri. Mali ilikuwa ya watu wote, na hesabu yake ilisemwa mbele ya watu wote.

*Ardhi na mwenye ardhi*

Sasa turudi kwenye mpaka. Kuunganishwa na mji si haramu, wala si msiba kwa dhati yake. Mji ukija huweza kuja na taa, na mtaro wa maji ya mvua, na gari la taka, na gari la kuzima moto lenye njia ya kupita. Mtume mwenyewe aliiangalia hali ya pambizo za mji. Banu Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti, wakataka kuhamia karibu. Imepokewa katika Bukhari kwamba alichukia pambizo za Madina ziachwe tupu, akawakumbusha thawabu za hatua zao. Kuupanga mji, basi, ni kazi yenye asili katika mwenendo wa Mtume. Linaloangaliwa ni namna ya kuupanga.

Mtume alipofika Madina alitaka kiwanja cha kujenga msikiti. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wakasema wanamtolea bure. Yeye hakukubali kukichukua kama zawadi mpaka alipokinunua kwao. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na kazi ni msikiti, na wenyewe wameridhia. Juu ya hayo hakuingia ardhi ya watu bila ya kuwapa haki yao.

Na wanahistoria, miongoni mwao Ibn Saad, wamepokea kwamba Sayyidna Umar alipotaka kuupanua msikiti huo katika ukhalifa wake, nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas akakataa kuitoa. Khalifa hakutuma askari. Walikwenda wote wawili kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na Ubayy akamhukumia Abbas. Umar alikuwa na majeshi Sham na Iraki, lakini nyumba ile hakuigusa. Haki ilipokwisha thibiti, Abbas mwenyewe aliitoa sadaka kwa Waislamu. Basi maslaha ya umma, hata yakiwa ya kweli, hayamwondolei mwenye nyumba haki ya kusikizwa mbele ya mwamuzi asiyekuwa yule anayeitaka nyumba yake. Na katika Hadithi iliyothibiti tumeonywa kwamba mwenye kudhulumu ardhi ya mtu, hata kiasi cha shubiri, atavishwa ardhi hiyo shingoni siku ya Kiyama katika ardhi saba.

*Udhuru wetu*

Wako watakaosema, "Sheikh, haya ni mambo ya dunia, tuachie wenyewe." Nawajibu: je, makaburi ya wazee wetu ni dunia? Chuo cha Kurani kilichojengwa katika kiwanja kisichokuwa na hati ni dunia? Mpaka ukisogea, wapimaji huja, na swali lao la kwanza ni moja: hati iko wapi? Tusidhani jambo hili ni jipya katika pwani hii. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hati za ardhi, watu wakatakiwa wapeleke madai yao. Wako waliopeleka wakapata hati. Wako wengi ambao khabari haikuwafikia, au waliokuwa hawana njia, au waliodharau; na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Dhuluma ilikuwa ya wale walioitunga sheria ile. Lakini wajukuu wanaoishi leo katika pwani yao kama maskwota hawafaidiki na kujua dhuluma ilikuwa ya nani, ikiwa na sisi twalala usingizi ule ule.

Na wako watakaosema, "Twende tusende, watafanya watakalo." Someni Suratul A'raf, aya ya 163 na zinazofuata, khabari ya mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikuwa makundi: waliovunja amri ya Sabato, na waliowakataza, na waliouliza mna faida gani kuwakataza watu ambao Mungu atawaangamiza? Waliokataza walijibu kwamba wanataka wapate udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wale wakaogopa. Adhabu ilipokuja, Kurani imetaja kuokoka kwa wale waliokuwa wakikataza maovu. Kila mmoja na ajitazame yuko kundi gani.

Tena sisi wa leo tuna udhuru mdogo kuliko wa 1908. Katiba ya mwaka 2010 imesema katika ibara ya kwanza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 35 imempa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 196 imelilazimisha Bunge la Kaunti kufanya kazi yake wazi na kuwashirikisha watu. Sheria ya miji ya mwaka 2011 imewapa wakaazi sauti katika mambo ya mji wao. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka katika bodi ya shule viti sita vya wajumbe wanaochaguliwa kwa ajili ya wazazi. Viti sita, ndugu zangu! Ni wangapi kati yetu wanaojua majina ya waliovikalia?

*Basi tufanye nini?*

Kwanza, kila mtaa uchague watu watatu wanaojua kusoma vizuri, wawe wakipita ofisi ya wadi kila wiki na kusoma matangazo. Na liwepo tangazo la mkutano, litajwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na wanawake wapelekewe khabari majumbani.

Pili, mkutano wa wazazi usihudhuriwe na kina mama peke yao. Baba aende. Hesabu idaiwe kwa maandishi, kwani Mwenyezi Mungu katika aya ndefu kuliko zote za Kurani, Suratul Baqara aya ya 282, ametuamrisha kuandika deni linalokwenda kwa muda. Na mali ya watoto haistahiki uangalifu mdogo kuliko huo. Wajumbe wachaguliwe kwa sifa mbili alizotajiwa Nabii Musa katika Suratul Qasas: nguvu ya kazi na uaminifu. Mwaminifu asiyejua hesabu ataibiwa, na ajuaye hesabu bila ya uaminifu ataiba yeye.

Tatu, hati za misikiti, na vyuo, na makaburi zitafutwe sasa, kabla ya mpimaji kufika. Isiyokuwa na hati iandikiwe wakfu kwa njia ya sheria.

Nne, na hili ndilo gumu: tuanze na milango yetu. Nani ameona hesabu ya msikiti wake imebandikwa? Kamati ngapi za misikiti na madrasa zina mwenyekiti aliyekaa miaka mingi bila ya kuulizwa zilikokwenda kodi za maduka ya wakfu? Tutamwuliza vipi mwenyekiti wa bodi, na hali sanduku la msikiti hufunguliwa usiku na watu wawili? Suratun Nisaa aya ya 135 imetutaka tusimamishe uadilifu, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu.

Lakini natahadharisha. Kudai hesabu si kumtukana mtu. Asiitwe mwizi ambaye wizi wake haukuthibiti. Suratul Hujurat imetuharamishia dhana mbaya na kusengenyana. Na shule ile ni ya watoto wa Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Haki tutakayoidai ni ya wote, na jirani asiyekuwa wa dini yetu tusimame naye katika swali moja.

Ama yule mama, nimekwenda kwake kwa idhini ya mumewe nikamwomba radhi kwa niaba ya sisi tuliokuwa na vilemba na hatukuwa na ulimi. Hakunilaumu. Ameniambia maneno haya: "Sheikh, mimi nitauliza tena. Nataka tu safari hii nisimame na watu." Mkutano ujao tutakuwako inshaallah, na darsa yangu siku hiyo itasomwa huko.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wanaokuogopa, na tupe sisi wenyewe khofu yako kabla ya kuwalaumu wao. Zihifadhi nyumba zetu na makaburi ya wazee wetu, wafungulie watoto wetu milango ya ilimu, na utujaalie kuzifikisha amana kwa wenyewe kabla ya siku ambayo haitafaa mali wala wana. Amin.