Tuliamini Kwanza

Jua litachomoza kesho: tunajuaje? David Hume wa Uskoti aliandika mwaka 1739 kwamba hatujui kwa hoja ya akili, bali kwa mazoea. Mwaka 1764 Thomas Reid, Mskoti mwenzake aliyepata kuwa mchungaji wa usharika wa mashambani, alimjibu kwamba Mungu ametuumba tuanze kwa kuamini. Mtoto humsadiki mama yake kabla hajaweza kupima maneno. Asingemsadiki, asingejifunza kitu. Akili hukomaa baadaye, ikamwonyesha nani wa kuaminiwa.

Basi, wapendwa, tusione haya kwamba imani yetu ilitangulia hoja. Wala tusibaki watoto: ajaye kutuuzia maji na mafuta ya miujiza, tumpime. Aliyetujalia kuamini ndiye aliyetupa na akili.